Mwanangu, mwite mpiga picha kwenye mazoezi

Mwanangu,

Huku nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama mtu wa jukwaa akiingia kwenye filamu, na mpiga picha akawa anamzidi ujuzi, bado yeye ndiye mwongozaji. Swali hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu mimi nililijibu vibaya ujanani.

Filamu yangu ya kwanza niliiongoza kama tamthilia. Niliwaambia waigizaji wapaze sauti hadi mtu wa safu ya mwisho asikie, na kamera iko hatua moja tu kutoka usoni mwao. Kijana wa kamera alininong'oneza mara mbili. Nikamwambia afanye kazi yake. Tulipokaa kuhariri ndipo nilipoona nyuso zinazopiga kelele, tena bila hadhira. Sikumwomba radhi, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Mwongozaji Orson Welles alipata bahati kuliko mimi. Alitoka kwenye jukwaa na redio huko Marekani, na alipoanza kupiga filamu yake Citizen Kane mwaka 1940 alikuwa na miaka 25. Gregg Toland, mpiga picha wa filamu ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Oscar, alimfuata mwenyewe akaomba kazi. Welles alisimulia kwamba siku za mwanzo alikuwa akipanga taa kwa mkono wake, maana kwenye tamthilia ndivyo alivyozoea. Toland hakumsahihisha mbele ya watu. Alipita nyuma yake kimyakimya akirekebisha. Filamu ilipotoka mwaka 1941, majina yao yaliwekwa pamoja kwenye skrini moja.

Katika filamu hiyo, tazama pale mama anapotia saini karatasi za kumtoa mwanawe akalelewe na wengine: mtoto anacheza kwenye theluji nje ya dirisha, mbali, lakini wote wanaonekana wazi. Lenzi na taa ni ujuzi wa Toland. Kuwapanga watu walio karibu na walio mbali, wakaigiza bila kukatizwa, ni ujuzi wa jukwaani. Hebu niambie, ungemwondoa nani kati yao?

Basi mwite mpiga picha wako kwenye mazoezi wiki hii, kabla kamera haijatolewa kwenye begi. Mweleze onyesho linahusu nini, kisha umuulize yeye angesimama wapi. Akikunong'oneza, sogea karibu umsikilize.

Baba yako