Maswali na Majibu: Mashine ya Zulia Inanguruma, Maji Hayapati Moto

Mashine ya kusafishia mazulia inayofungwa ndani ya veni ni injini moja yenye kazi tatu: inasukuma maji, inafyonza uchafu, na joto lake ambalo lingepotelea kwenye rejeta na ekzosi ndilo linalopasha maji. Maswali ya safari hii yote ni ya hilo joto.

Geji inasoma Fahrenheit 220, lakini kwenye zulia maji ni ya uvuguvugu. Geji imekufa? (Msomaji, Minneapolis)

Huenda ni nzima kabisa. Hizo 220 ni kama nyuzi 104 za Selsiasi (nitabaki na Selsiasi ili wenzetu wa Dar wasipotee), na geji inazipima maji yakitoka kwenye mashine, si yakikufikia wewe. Ukitandaza mpira wa maji wa mita 45 juu ya theluji, theluji ndiyo inayoogeshwa kwanza. Uinue mpira, uufupishe, uuvishe sponji. Halafu fungua nozeli za fimbo, yaani ule mkono unaonyunyiza na kufyonza maji kwenye zulia. Tundu moja likiziba, maji hutembea polepole mpirani na kupoa zaidi.

Majira nayo yana mchango wake. Kupasha lita 4 kwa dakika kutoka nyuzi 20 hadi 90 kunadai karibu kilowati 20, sawa na heta kumi kubwa za kuchovya kwenye ndoo. Maji ya bomba yakishuka hadi nyuzi 5, joto lile lile la injini litakufikisha 75 tu. Usimlipe fundi kwa kosa la Januari.

Nilinunua mashine iliyotumika kutoka Marekani. Mwanzo ilikuwa moto sana, sasa joto limeshuka na presha inaanguka nikibonyeza fimbo. Natumia maji ya kisima. (Msomaji, Dar es Salaam)

Ndugu yangu, jibu umelitaja mwenyewe: kisima. Angalia birika la nyumbani kwako. Ule ukoko mweupe wa chini ndio uliomo kwenye koili za mashine, yaani mabomba yaliyojikunja ambamo maji hupashwa. Maji yenye chokaa nyingi yakipashwa huiacha chokaa ukutani mwa bomba, na ukoko huo hufanya mambo mawili kwa pamoja: unazuia joto kupenya na unabana njia. Ndiyo maana geji ya presha inasimama vizuri fimbo ikiwa imefungwa, kisha inaporomoka ukiifungua.

Zungusha maji yenye asidi ya sitriki, ile unga ya ndimu, mashine ikiwa haina moto, hadi povu litulie. Suuza kwa maji mengi. Usitumie asidi kali ya kusafishia vyoo, italamba shaba na aluminiamu, na usichanganye asidi yoyote na dawa ya klorini: gesi inayotoka inaua. Baadaye funga kichujio cha kulainisha maji na ukumbuke kukirudishia chumvi, la sivyo tutaonana tena hapa.

Nusu saa nzima, maji bado baridi, na hata geji ya injini haipandi. (Msomaji, Toronto)

Themostati ya injini, ile valvu inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, imekwama ikiwa wazi, kwa hiyo maji ya rejeta yanapoa kabla hayajapata moto. Ni kipuri cha bei ndogo. Ukishaibadilisha, toa hewa kwenye mfumo, maana hewa iliyonaswa nayo huzuia joto kufika.

Nikisimama kuhamisha makochi, mashine inajizima. Fundi anataka kuunganisha waya moja kwa moja, kuiruka swichi inayoizima. (Msomaji, Nairobi)

Mkataze. Ukiachia fimbo, maji yanasimama lakini ekzosi inaendelea kuyachemsha. Kuna valvu inayopaswa kufunguka na kumwaga maji yaliyozidi moto kwenye tanki la maji machafu. Ikizibwa na mchanga, au koili yake ya umeme ikiungua, joto hupanda mpaka swichi ya usalama izime injini. Swichi imefanya kazi yake, valvu ndiyo imeshindwa. Niliwahi kufanya kazi na kijana aliyeunganisha waya hizo. Mpira ulipasuka sebuleni kwa mteja, na ni bahati tu kwamba watoto walikuwa nje. Fungua valvu, isafishe, na ukiwa unahamisha makochi bonyeza fimbo kila baada ya muda mfupi, ukimwagia kwenye ndoo.