Gemu Iliyonifungulia Mazungumzo na Vijana Kuhusu Chuki

Kwa miaka sita sasa nakutana na vijana wa mtaa wetu hapa Mombasa kila Jumamosi alasiri, wengi wao wakiwa na umri wa kati ya miaka 14 na 19, ili tuzungumzie chuki na itikadi kali. Mwanzoni nilikuwa nikiwahutubia. Niliwasimulia habari ya Garissa, jinsi watu 148 walivyouawa chuoni tarehe 2 Aprili 2015, nao wakanisikiliza kwa adabu, wakaitikia "Ndiyo, mwalimu," kisha wakatoka vile vile walivyoingia. Kilichonizindua kimo katika habari hiyo hiyo: mmoja wa washambuliaji alikuwa mtoto wa chifu, aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijana kama huyo hakupungukiwa na masomo, wala sidhani kwamba alikosa wa kumwambia kuwa kuua ni kosa. Nikaanza kutafuta njia ya kuwaonyesha vijana wangu jinsi mtu anavyovutwa, hatua kwa hatua, kabla bunduki haijatajwa.

Gemu ya kwanza niliyoichagua ilikuwa kosa. Ilikuwa ya kupigana risasi, askari wakiwasaka magaidi, nami nilidhani ingetupa pa kuanzia. Baada ya nusu saa vijana walikuwa wakishangilia shabaha tu, na mmoja wao akaniuliza kwa upole kwa nini kila adui mle ndani amevaa kilemba kama cha babu yake. Sikuwa na jibu, na sikuitumia tena. Kwa hiyo, unayetaka kufuata njia hii, icheze gemu mwenyewe mpaka mwisho, na utazame kwa makini adui amechorwa nani.

Iliyotufaa ni Bad News, ambayo ilitolewa mwaka 2018 na kikundi cha Uholanzi kiitwacho DROG pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Huchezwa bure kwenye intaneti, na haichukui hata nusu saa. Mchezaji huwa yeye ndiye mwongo: huchagua ujumbe wa kusambaza, huongeza wafuasi, na wakati huo huo hulinda kiwango chake cha kuaminika, kwa maana uongo ukizidi mno watu humkimbia. Njiani hupata beji sita, zikiwemo za kujifanya mtu mwingine, kuchochea hisia, kuwagawanya watu na kuwachafulia jina wanaokupinga. Wazo lililo nyuma yake ni la chanjo, ambalo mwanasaikolojia William McGuire alilieleza katika miaka ya 1960: akili ikionjeshwa hila kidogo, tena mahali pa salama, huijua siku inapokuja kwa nguvu.

Watafiti wa Cambridge walishiriki pia kutengeneza gemu nyingine, Radicalise, ambamo mchezaji ni msajili wa kundi la kubuni lenye siasa kali. Kazi yake ina hatua nne: kumtafuta mlengwa, kumfanya akuamini, kumtenga na wenzake, na kumsukuma atende. Hatua hizo naziandika ubaoni kwa chaki mara tu tunapomaliza Bad News, kisha nauliza. Siku moja niliuliza wangemtafuta nani, majibu yakamiminika: aliyefeli mtihani, aliyefiwa na baba, anayechekwa maskani kwa kukosa kazi. Nilipofika hatua ya tatu na kuuliza wangemwambia nini kuhusu mama yake, chumba kilinyamaza. Kijana mmoja aliyekuwa ameongoza kwa wafuasi alasiri ile akasema polepole, "Ningemwambia mama hamwelewi, sisi ndio tunaomwelewa." Akainamisha kichwa, akaongeza, "Mwalimu, hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyasema binamu yangu."

Tulikaa na neno hilo saa nzima. Bila mazungumzo hayo gemu ingebaki kuwa burudani, au hata somo la kudanganya, na hofu hiyo wazazi kadhaa waliniambia waziwazi. Naiona ni hofu ya haki, ndiyo maana simwachi kijana aicheze peke yake kisha aende zake. Nawaweka wawili wawili kwenye kompyuta moja, mwenye Kiingereza chepesi akimfasiria mwenzake, na nusu ya muda wetu naiacha kwa maongezi. Mama au ustadhi anayetaka kukaa nasi namkaribisha, ila namwomba asihubiri mpaka vijana wamalize kusema.

Wiki chache baadaye kijana yule aliniletea simu yake. Mtu asiyemfahamu alikuwa akimwandikia kila usiku, akimsifu na kumuuliza kama nyumbani wanamjali, naye alitaka kujua kama hiyo ni hatua ya kwanza au ya pili. Siku kama hiyo ikikufika, usimnyang'anye simu wala usipandishe sauti. Keti naye, usome ujumbe pamoja naye tangu wa kwanza, na umwache yeye mwenyewe akuonyeshe ni wapi alipoanza kutiliwa chambo, kabla hamjaamua pamoja ni nani mwingine nyumbani anayepaswa kuusoma.