Jack Russell anafukua viazi: nimfunge mnyororo?

Dada, hapana, usimfunge mbwa wako. Atabweka kutwa nzima na majirani wa hapo Uyole, Mbeya, watakuchukia bure. Mbegu hii ya mbwa ilianzishwa Uingereza karne ya 19 na mchungaji wa kanisa, John Russell, kwa ajili ya kumfuata mbweha mpaka shimoni. Sasa huyo wako akisikia panya chini ya tuta la viazi, unategemea akae atazame?

Mchoshe. Mtembeze kwa kamba nusu saa asubuhi kabla hujaenda kazini, na jioni tena. Halafu mtengee kona ya udongo laini, umfukie humo mpira wake au kipande cha nyama, umsifu akikipata. Akigusa viazi, mrudishe konani bila kumpiga; ukimpiga atafukua ukiwa haupo.

Kama una kuku, wazungushie wavu asiwafikie, na uuchimbie chini kidogo. Kumfundisha awazoee inawezekana, ila kumwacha nao peke yake mimi siwezi kukushauri.

Manyoya yake ni mafupi na baridi ya Juni na Julai huko unaijua, kwa hiyo alale ndani, au banda la mbao lililoinuka na nyasi kavu. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, hiyo haina mjadala.