Maswali na Majibu: Kiapo cha Ndoa Hufungwa Hadi Wapi?

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mume wangu ni dereva wa lori. Alivuka mpaka miaka sita iliyopita, na nasikia ameoa huko. Je, bado nimefungwa? (Mama wa watatu, Malaba)

Asifiwe sana, mama. Katika Mathayo 19:9 Bwana Yesu anataja uasherati. Katika 1 Wakorintho 7:15 Paulo anasema asiyeamini akiondoka, "na aondoke", aliyeachwa "hafungiki". Utaniambia mumeo ni mbatizwa. Ni kweli, lakini wengi katika mapokeo ya Matengenezo, yaani ya Waprotestanti, waliona kwamba anayemtelekeza mwenzake kwa makusudi amejiweka kundi moja na huyo asiyeamini. Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la Waprotestanti hao, lina milango miwili tu ya talaka: uzinzi, na kutelekeza ambako hakuwezi kurekebishwa na kanisa wala serikali.

Maneno hayo ya mwisho watu huyaruka. Kuna mama aliniletea cheti chake cha ndoa ndani ya mfuko wa sukari, kimekunjwa mara nne hadi jina la bwana harusi likafutika. Alitaka jibu siku ileile. Tulimtafuta yule bwana mwaka mzima, tukituma salamu kwa madereva wenzake, kabla wazee wa kanisa hawajasema neno.

Kwangu mimi, hufungiki. Wapo Waprotestanti watakaokupinga kwa Warumi 7:2, kwamba ni kifo tu kinachofungua, nao si wajinga. Anza na wazee, kisha nenda mahakamani, maana cheti hakifutwi madhabahuni.

Jirani yangu Mkatoliki anasema kwetu Waprotestanti ndoa ni mkataba tu, kwa kuwa si sakramenti. (Mwalimu, Tororo)

Mwalimu, mwambie asome Waefeso 5:32 kwa Kiswahili: "Siri hiyo ni kubwa." Biblia ya Kilatini iliandika hapo "sacramentum", na mwaka 1520 Martin Luther, aliyeanzisha Matengenezo, akasema neno la Kigiriki ni siri, si sakramenti. Hakusema ndoa ni rahisi kuvunja. Tena Kanisa la Uingereza, ambalo watu hulicheka kwa ajili ya Mfalme Henry VIII, lilikuwa gumu mno: mpaka mwaka 2002 ndipo lilipokubali rasmi kwamba kasisi anaweza kumfungisha ndoa aliyetalikiwa ambaye mwenzake wa kwanza yu hai.

Nikiachana na mume, je, kaka zangu lazima warudishe ng'ombe kwanza? (Busia)

Hapana, dada. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ili ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Kaka zako wakinuna, waonyeshe hukumu.

Mume ananipiga. Mchungaji wetu anasema nivumilie, eti kipigo hakimo kwenye Mathayo 19. (Jinja)

Hakimo, kweli. Lakini 1 Wakorintho 7:11 inajua mke anaweza kuachana na mumewe bila kuolewa tena, kwa hiyo kuondoka si kuvunja kiapo. Mimi niko na wanaosema mpigaji ameshamtelekeza mkewe hata kama bado analala humo ndani. Hilo la talaka tutalizungumza baadaye, bila haraka. Leo nenda kwa ndugu zako, pitia polisi, maana Uganda ina sheria ya ukatili wa majumbani tangu 2010. Na ubebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto.