Lori la zamani linalokula dizeli kupita kiasi

Ndugu yangu, kwa kuwa umeeleza kwamba lori lako la mbao hutoa moshi mweusi kwenye kila mlima kati ya Mafinga na Mbeya, nakusihi usikubali fundi aanze kwa kufungua pampu ya dizeli. Moshi mweusi maana yake ni kwamba dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa ya kuiunguza, na kwa kuwa Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hitilafu ndogo upande wa hewa huonekana haraka. Kagua chujio la hewa, kisha mipira ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), ukitafuta ufa au alama za mafuta kwenye maungio. Hayo yakiwa sawa, ndipo nozo, yaani vinyunyizio vya dizeli, zipelekwe kupimwa.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni mafundi wanaotoa thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, wakidai wanazuia injini kuchemka. Katika baridi yetu ya Juni na Julai, injini hiyo haifiki joto lake la kazi, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, na dizeli haiungui vizuri. Irudishe.

Ili lori lisile dizeli bure, upepo wa matairi nao upimwe asubuhi kabla ya safari. Ukisimama, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo na joto kuliko mengine huenda breki yake inashika.