Piko imemtoa malengelenge: ni uchafu au mzio?

SWALI: Assalaam aleikum. Tupo Wete. Mdogo wangu alichorwa maua ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, mikono na miguu kwa harusi ya jamaa. Siku ya tisa yakaanza kuwasha na kuvimba, sasa yametoka malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua. Dukani amepewa amoksilini, leo siku ya nne hakuna nafuu. Tunadhani piko ilikuwa chafu. Tumpe dawa gani? Na mwenyewe anaolewa Mfungo Mosi, atapaka nini?

JIBU: Waalaykum salaam. Kwa maelezo yako, hapo hakuna mdudu wa kuuawa na amoksilini. Malengelenge yanayofuata mchoro ni dalili ya mzio, yaani aleji. Maambukizi hayafuati mchoro: huanzia palipochubuka, yakatapakaa ovyo, na huuma kuliko kuwasha.

Kinachomdhuru ni kemikali iliyomo kwenye piko, parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, ile ile inayotia weusi kwenye kanta ya nywele. Sheria ya Ulaya hairuhusu izidi asilimia 2 katika dawa ya nywele ikishachanganywa. Michoro myeusi ya ngozini iliyowahi kupimwa, mingine imekutwa na zaidi ya asilimia 15. Tena piko huachwa ikaukie kwenye ngozi. Mwili unaokutana nayo mara ya kwanza huchukua kama wiki moja hadi mbili kujifunza kuikataa, ndiyo maana ya siku hiyo ya tisa. Safari nyingine hausubiri: siku moja hadi tatu tu, na kwa ukali zaidi.

Malengelenge msiyatumbue, wala msisugue rangi kwa ndimu au jiki. Panapotoka maji, wekeni kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi yaliyochemshwa kabla, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Setirizini miligramu 10 usiku hupunguza muwasho kiasi, ila haitibu ngozi. Dawa yenyewe ni ya kupaka, ya steroidi inayotuliza uvimbe, mfano betamethasoni asilimia 0.1, tabaka jembamba mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki moja au mbili, na si usoni. Kwa kuwa ni mikono na miguu yote, mpelekeni hospitali. Daktari huenda akampa predinisoloni, steroidi ya kumeza. Zile tyubu za dukani zilizochanganywa dawa tatu kwa pamoja ziacheni, nyingine zina dawa ambazo zenyewe huleta mzio.

Mkiona usaha, maganda ya manjano, homa, au wekundu unaopanda mkono, basi maambukizi yameingia juu ya mzio. Hata hapo amoksilini pekee mara nyingi hushindwa, kwa sababu bakteria wa ngozi wengi huivunja; daktari huchagua kloksasilini au jamii yake. Uso ukivimba au pumzi zikibana, msingoje asubuhi.

Mabaka meupe yanaweza kubaki miezi kadhaa.

Kwa harusi yake, hina safi ya majani: unga uliochekechwa vizuri, ukorogwe kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, uachwe saa 6 hadi 12 utoe rangi. Apakwe, akae nayo saa 4 hadi 6, asiguse maji mpaka kesho yake. Itaanza rangi ya chungwa, ikolee hudhurungi kwa siku mbili, kwa hiyo achorwe siku mbili kabla. Nyeusi ti haitakuwa, na mchoraji atakayeahidi weusi ndani ya saa moja ametia piko, hata kama koni imeandikwa hina. Hina hiyo aijaribu kwanza mkononi, upana wa sarafu, siku tatu kabla ya kuchorwa. Piko asiijaribu hata tone, wala kanta.

Mzio huu kwa kawaida haumtoki mtu. Uandikwe kwenye kadi yake ya hospitali, na amwambie daktari wa meno kabla ya kupakwa ganzi, maana benzokeini, aina ya ganzi, wakati mwingine huuamsha, na baadhi ya dawa za salfa pia.