Siku ya 14 si ya kila mwanamke

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 31, ninaishi Embakasi na mume wangu, na tumetafuta mtoto kwa miezi saba bila mafanikio. Hedhi yangu huja kila baada ya siku 33 hadi 35. Programu iliyo kwenye simu yangu hunionyesha kwamba yai hupevuka siku ya 14, nasi hujitahidi tukutane siku hiyo hata kama nimetoka zamu ya usiku hotelini nikiwa hoi. Mama mkwe ameanza kuuliza. Je, kuna dalili za mwili ninazoweza kuziamini kuliko simu? Na vile vijiti vya kupima mkojo vinavyouzwa katika maduka ya dawa vina faida yoyote?

JIBU: Dada, kabla ya kufika kwenye dalili, hebu tuitazame hesabu ya simu yako, kwa maana nadhani tatizo limejificha hapo. Kwa wanawake wengi, muda kati ya yai kutoka na hedhi inayofuata hukaribia siku 14, ilhali muda unaotangulia yai ndio unaorefuka na kufupika. Siku ya 14 basi ni ya mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Wako ni wa siku 34 hivi, na yai lako huenda linatoka karibu na siku ya 20. Yai likishatoka huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, na mbegu za mume, hata zikipata mazingira mazuri, hudumu mwilini mwako kwa takriban siku 5. Inawezekana kabisa kwamba miezi hii yote mmekuwa mkifika steji mapema mno na kuondoka kabla gari halijaingia.

Dalili ninayoiamini kuliko nyingine zote ni ute unaotoka katika mlango wa kizazi. Baada ya hedhi kwisha, wanawake wengi hukaa siku kadhaa wakiwa wakavu, kisha huona ute mchache, mzito, unaonata, wenye weupe wa krimu. Yai linapokaribia kutoka, homoni ya estrojeni hupanda na ute huo hubadilika: huwa mwingi, mwangavu, wenye utelezi, na ukiushika kati ya vidole viwili na kuviachanisha, huvutika bila kukatika upesi, sawasawa na ute wa yai bichi la kuku. Lugha yetu imetumia neno moja kwa vyote viwili, na sijui mwalimu ambaye angeueleza mfanano huo vizuri zaidi. Ute wa namna hii huzipa mbegu njia ya kupita na kuzihifadhi zikilisubiri yai. Utazame kila uendapo msalani, kwa kujipangusa na karatasi kabla ya kukojoa, na uandike ulichokiona. Usijioshe kwa ndani, kwa sababu utauondoa. Ukiona uchafu wenye harufu mbaya, rangi ya kijani au muwasho, hiyo si dalili ya yai bali huenda ni maambukizi, na unapaswa kwenda kliniki.

Joto la mwili hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 hivi, lakini hupanda yai likiwa limeshatoka, kwa hiyo huthibitisha jambo lililopita. Aidha, hupimwa mara tu mtu anapoamka, kabla hajainuka kitandani, na kwako wewe unayelala usiku wiki hii na mchana wiki ijayo, takwimu zake zitakuchanganya bure. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo huwapata baadhi ya wanawake tu, usiyategemee.

Vijiti vina faida vikitumiwa kwa wakati wake. Hutambua homoni inayoliamuru yai litoke, ambayo hupanda ghafla saa 24 hadi 36 kabla ya tukio lenyewe. Chukua mzunguko wako mfupi zaidi, yaani siku 33, utoe 17, uanze kupima siku ya 16. Usinywe maji mengi katika saa mbili zinazotangulia kipimo, na ukumbuke kwamba mstari hafifu si jibu: ni lazima ukolee kama ule wa kulinganishia au zaidi.

Tangu siku unapouona ute wa kuteleza hadi utakapokauka, kutaneni kila siku au kila baada ya siku moja, bila kungoja siku moja maalumu. Anza pia kumeza foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku. Kwa umri wako, mwaka mmoja ukipita bila mimba, mwende kwa daktari nyote wawili. Mwenye miaka 35 au zaidi asingoje zaidi ya miezi sita. Nasema wawili kwa makusudi, kwa kuwa tatizo la mbegu za mume ni la kawaida, na kuzipima ni rahisi kuliko vipimo vingi utakavyofanyiwa wewe. Mama mkwe naye ajibiwe na mwanawe.

SWALI: Niliacha sindano ya miezi mitatu na bado sijaona hedhi wala ute huo. Je, nimeharibika? Msomaji, Kawangware.

JIBU: Hapana. Sindano hiyo huchelewesha uzazi kurejea bila kuuondoa; kwa kawaida mimba hupatikana baada ya takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine huchukua muda mrefu zaidi. Ute unaweza kuja na kupotea mara kadhaa kabla yai halijatoka. Hata hivyo, yai la kwanza hutangulia hedhi ya kwanza, kwa hiyo ukihisi kichefuchefu au matiti kujaa, pima mimba kwanza kabla ya kudhani kwamba dawa bado imo mwilini.